Pini Kwenye Daftari la Mama

Watu huniuliza nilianza lini kuandika, nami huwapa jibu la adabu. Nasema nilianza shuleni, nikapenda vitabu, basi. Huo ni uongo. Nilianza kuandika kwa sababu mama yangu alikufa, na nikaendelea kwa sababu kulikuwa na mtu mmoja niliyetaka kumkomoa. Nikamkomoa. Leo nitaeleza nilivyofanya. Majuto ninayo kidogo, lakini hayatoshi kuninyamazisha, na jina la mtu huyo sitalitaja, maana alipenda sana kutajwa.

Mama alikaa Kisumu Ndogo, Kibera, zaidi ya miaka ishirini. Asubuhi alifua nguo za watu mtaa wa Olympic, na mchana alirudi kuuza omena, wale dagaa wa ziwani, kwa gorogoro, mkebe wa kupimia, mbele ya mlango wake. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshahama, nimepanga chumba Kawangware, na kazi yangu ilikuwa kupiga chapa. Kibanda chetu kilikuwa upande wa Riruta Satellite. Kilikuwa na taipureta mbili, benchi la wateja, na mashine ya saiklostaili ya kutolea nakala, iliyotupaka wino mpaka kwenye viwiko. Tulipiga barua za kuomba kazi, mikataba ya vyumba, kadi za harusi. Lakini kazi iliyokuja wiki baada ya wiki bila kukosa ilikuwa vijitabu vya mazishi, zile karatasi za kukunjwa mara moja, jina la marehemu na msalaba mbele, historia yake ndani.

Sisi watu wa Magharibi tuliishi Nairobi lakini hatukuzikwa Nairobi. Maiti ilisafirishwa nyumbani, na haikusafiri kabla ya kusomewa historia. Watu waliotoka sehemu moja walikutana Jumapili mchana katika kanisa la mabati, wakaimba, wakaomba, kisha katibu wa chama cha mazishi akasimama na kusoma: alizaliwa wapi, alikuwa mtoto wa ngapi, alifanya kazi gani, ameacha nani. Na hata msiba ukiwa umetokea kule kule nyumbani, waliokuwa Nairobi walifanya ibada yao kwanza ndipo wakapanda basi. Msomaji alikuwa katibu. Mtoto wa marehemu aliweza kuandika akitaka, ila hakusimama kusoma, hasa akiwa binti. Walisema atalia. Nimewaona makatibu wengi wakilia pale mbele, na sikumbuki hata mmoja aliyeambiwa akae.

Katibu wetu alikuwa karani katika ofisi fulani mjini. Alikuwa na suti ya kijivu, miwani aliyoivaa kwenye paji la uso zaidi ya machoni, na sauti. Sauti siwezi kumnyima. Akisema tu "Ndugu zangu," akina mama walianza kutafuta vitambaa vya kujifutia machozi. Wazee walimpenda, wanawake walimpenda, na yeye mwenyewe alijipenda kuwashinda wote. Kabla ya msiba wetu hata mimi nilimwona mtu wa maana.

Mama alipofariki, mwanzoni mwa miaka ya tisini, niliomba kuiandika historia yake mimi mwenyewe. Nilinunua daftari la jalada la kijani, nikaandika siku tatu, saa za chakula cha mchana, nikiwa nimekaa kwenye benchi la wateja. Sikuwa nimewahi kuandika kitu ambacho si cha mteja. Nilianza bila jina lake, kwa sababu kila nilipoliandika nilishindwa kuendelea. Niliandika kwamba mama yetu hakuwahi kuonja chakula kabla ya kuuliza nani hajala. Niliandika kwamba akicheka alifunika mdomo kwa upindo wa leso. Niliandika kwamba kila jioni alipanga viatu mlangoni vikitazama nje, ili asubuhi isitukute tukihangaika. Baada ya hayo ndipo nilipotaja alikozaliwa, na omena, na nguo za Olympic, na kidole chake cha shahada ambacho hakikuwa na kucha, na mimi, binti yake wa pekee. Zilikuwa kurasa nne. Nilijua ni nzuri, na nilijua pia sikuwa na kitu kingine cha kumpa mama.

Jumapili asubuhi nilimpelekea katibu daftari, nikamwomba aniruhusu nisome mwenyewe. Aliniangalia kwa ile huruma ya mtu mzima kwa mtoto, ingawa nilikuwa na miaka ishirini na sita, akaniambia nisijisumbue, nikae na akina mama. Nikakaa na akina mama.

Akasoma. Alisoma vizuri kuliko ambavyo ningeweza, na hilo nalo nilimhesabia kosa. Kanisa zima lililia. Wanawake waliokuwa wakinunua omena kwa mama waligeuka kuniangalia kwenye zile sentensi za leso na viatu, wakitikisa vichwa, kwa kuwa walimwona. Kwa muda wa kurasa nne mama alikuwa mle ndani pamoja nasi, na si kwenye lile sanduku. Ibada ilipokwisha, mzee mmoja alimshika katibu mkono akamwuliza maneno kama yale ameyatoa wapi. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka pale. Nilisubiri aninyooshee kidole, au hata anielekeze kwa kichwa tu. Katibu aliishusha miwani, akainama kidogo.

"Tunajaribu, mzee," akasema. "Tunajaribu."

Neno hilo lilipanda nami basi kwenda nyumbani. Nilimzika mama nikilisikia. Wengine walinikuta nimekunja uso kaburini wakadhani ni huzuni, na kwa kweli huzuni ilikuwepo, ila ilikuwa imepata mwenzake.

Tuliporudi Nairobi nilimfuata nikaomba daftari langu. Akasema limewekwa kwenye faili ya chama. Nikamfuata tena. Akasema faili iko kwa mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa mzee fundi wa viatu pale Kawangware, na nilipomwuliza aliacha kushona, akafikiri sana, akasema hajui kama chama kina faili.

Ilipita miezi kadhaa. Siku moja katibu akaingia kibandani kwetu kutafuta mtu wa kumpigia kijitabu. Hakujua kuwa ndipo nifanyapo kazi. Aliponiona alisita, kisha nadhani aliamua kuwa mimi si kitu cha kumfanya asite, akatoa kwenye mkoba wake daftari la kijani na kuliweka mbele yangu.

Zilikuwa kurasa zangu zile zile nne. Lakini mahali nilipoandika mambo ya mama peke yake, alikuwa amebana vipande vya karatasi kwa pini, zile pini za ofisini zenye kichwa kidogo. Pini ya kwanza ilifunika alikozaliwa, ya pili kazi zake, ya tatu kidole chake, ya nne aliowaacha. Juu ya vipande hivyo katibu alikuwa ameandika habari za bibi mmoja wa Kawangware aliyefariki wiki hiyo. Mengine yote, chakula, kicheko, viatu mlangoni, aliyaacha yalivyokuwa.

Nilimwambia daftari hili ni langu. Hakubisha. Alinieleza polepole kwamba maneno mazuri hayana mwenyewe, kwamba yakiwafariji wengine mimi ningepaswa kushukuru, na kwamba hata mama angefurahi. Kisha akaligonga daftari kwa kidole.

"Piga vile iko," akasema. "Usiongeze kitu, usipunguze."

Mwenye kibanda alikuwa amesimama nyuma yangu akisikiliza. Nikapiga vile ilivyokuwa, nikaweka jina la mwanamke mwingine juu ya kicheko cha mama yangu. Katibu alikaa kwenye benchi muda wote, miguu ameikunja, na nilipomaliza alilichukua daftari kabla hata ya kuangalia kazi. Ikawa hivyo kila mara. Aliweza kusahau mwavuli au kofia, lakini daftari hakulisahau.

Sifa zake zilienea. Vyama vingine vya mazishi vilianza kumwita, hata vya watu wa Machakos na Kitui, ambao walikuwa na makatibu wao na hawakuhitaji wetu. Mimi nami nikaanza kwenda kwenye ibada za watu nisiowajua, Jumapili hii Kibera, nyingine Kawangware, nakaa nyuma nasikiliza. Sijui nilitafuta nini. Nilimsikia mama akisomwa kama mwenye nyumba mmoja aliyejulikana kwa kung'oa milango ya wapangaji. Nilimsikia akisomwa kama mhubiri. Siku moja katibu alimsomea marehemu mzee aliyekuwa askari wa lango, mtu wa rungu na matusi, na mzee huyo naye, akicheka, akafunika mdomo kwa upindo wa leso. Nilisubiri mtu hata mmoja aangue kicheko. Mjane wake alikuwa akilia na kusema kweli, kweli kabisa.

Siku nyingine, tukitoka kanisani, binti wa marehemu alinishika mkono bila kunijua, akaniambia kwamba hakuwahi kugundua mama yake alikuwa akipanga viatu mlangoni, lakini sasa katibu ameyasema, anakumbuka vizuri sana. Alikuwa akitabasamu huku machozi yakimtoka. Nilimwambia pole.

Tangu hapo nimekaa na wasomi, nimesikia mengi kuhusu kazi ya sanaa, na hakuna aliyenifundisha zaidi ya dada yule. Maneno yakikaa vizuri, msikilizaji atasogeza vitu vya nyumbani kwake ili yapate pa kukaa. Mwandishi mwingine angefurahi. Kurasa zangu nne zilikuwa zikiwafuta machozi watu wa mitaa miwili, na nakiri kuwa ndani ya hasira yangu mlikuwa na kiburi, maana nilipokuwa nyuma kule nilikuwa nikihesabu ni sentensi gani imewaliza. Lakini sikuandika ili watu wafutwe machozi. Niliandika ili mwanamke mmoja asichanganywe na wengine, na sasa alikuwa anachanganywa kila Jumapili. Ilifika mahali, nikijaribu kumkumbuka mama akicheka, namwona yule askari na leso.

Kwa hilo nilimchukia katibu. Simaanishi nilikasirika, hasira huja ikapoa. Nilimchukia nikipiga mswaki. Nilimchukia nikichagua mawe kwenye mchele. Nikitembea kutoka Kawangware kwenda Kibera niliweza kumchukia kuanzia Dagoretti Corner mpaka mlangoni nilikokuwa nikienda, bila kurudia wazo moja mara mbili. Nilitaka daftari langu, na nilitaka mama yangu atolewe kwa watu wote hao na kurudishwa. Pia nilitaka katibu asimame mbele ya watu, kwa suti yake, akose neno.

Ikapita miaka mitatu.

Ijumaa moja asubuhi alikuja kibandani bila tai. Macho yalikuwa mekundu na kola imekunjamana. Mama yake mzazi alikuwa amefariki kule nyumbani. Ibada ingekuwa Jumapili mchana Kisumu Ndogo, na siku ya pili yake ndugu wote wangesafiri na vijitabu vile vile vikasomwe kaburini. Nilimpa pole. Niliisema kwa moyo, na nataka hilo lijulikane kwa sababu ya yanayofuata.

Kisha akafungua mkoba, akatoa daftari la kijani.

Nilidhani nimeona vibaya. Nikalifungua. Kulikuwa na vipande vinne vipya, pini nne. Nilimwuliza kama kweli hata huyu ni wa kuandikiwa hivi. Akajifuta uso kwa kiganja, akasema hana nguvu za kuandika, kichwa chake hakifanyi kazi, nimpigie tu.

"Vile iko?" nikamwuliza.

"Vile iko. Usiongeze kitu, usipunguze."

Nilimwuliza, yeye akanijibu. Mwenye kibanda alisikia, na mteja mmoja aliyekuwa akisubiri barua yake alisikia.

Alikuwa na mambo ya basi ya kushughulikia, hakuweza kukaa kwenye benchi. Akaniachia karatasi yenye jina la mama yake kwa ajili ya jalada, akatoka, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu nikabaki peke yangu na daftari langu.

Nilisoma vile vipande kwanza. Cha kwanza kilisema alizaliwa kijijini. Cha pili kilisema alikuwa mkulima. Cha tatu, alikuwa mpole na mcha Mungu. Cha nne kilisema ameacha watoto sita na wajukuu wengi. Nilivigeuza nyuma kuona kama kuna zaidi. Hakuna. Mtu aliyeweza kuliza kanisa zima kwa "Ndugu zangu" hakuwa na sentensi hata moja juu ya mwanamke aliyemnyonyesha, akaenda kukopa ya mama yangu.

Nilikaa nikimfikiria bibi huyo. Hakunikosea kitu. Hakujua kuwa mimi nipo duniani. Kama ningekuwa mtu mwema ningeenda kwa katibu jioni ile nikamwambia kaa chini, nisimulie, nitakuandikia. Wazo hilo lilinijia, wala sikulifukuza. Nililiangalia tu likapita. Kisha nikachomoa pini ya kwanza.

Karatasi chini yake ilikuwa na matundu mengi madogo, kwa kila marehemu jozi moja. Kurasa zile zilikuwa zimechakaa, zina alama za dole gumba lake na michirizi ya chai. Lakini mahali palipofunikwa na vipande palikuwa pasafi, wino bado wa buluu kama siku nilipoandika. Alikozaliwa mama. Omena. Kidole. Binti yake wa pekee. Kwa miaka mitatu hakuna jicho lililokuwa limeyagusa maneno hayo, na nililia pale kwenye taipureta, kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Nikachomoa zote nne, nikaziweka kwenye kiberiti kitupu. Nikapiga daftari vile lilivyo. Sikuongeza kitu, wala sikupunguza. Kwenye jalada nilipiga jina la mama wa katibu, sahihi kabisa, herufi kubwa, na msalaba juu yake.

Jumapili alikuja kuchukua vijitabu akiwa na haraka, gari la kuazima likimngoja nje likinguruma. Aliangalia jalada, akasoma jina la mama yake, akaitikia kwa kichwa, akashukuru. Hakufungua ndani. Kwa nini afungue, wakati yaliyo ndani aliyajua kwa moyo? Aliuliza kama kuna kitu kingine nikasema hakuna. Daftari nilikuwa nimelikalia.

Nilimfuata kwa miguu. Nilipofika Kisumu Ndogo kanisa lilikuwa limejaa, na vijitabu vilikuwa vinapita mkono kwa mkono. Ndugu zake watano walikaa mstari wa mbele. Karibu nao alikaa dada wa marehemu, bibi mzee aliyekuwa akiishi Kibera na binti yake, mikono ameiweka juu ya bakora. Mimi nilikaa mahali pangu pa siku zote, nyuma.

Wakati wa historia ulipofika, katibu alisimama mwenyewe. Mtoto wa marehemu alikuwa anasimama kusoma, na hakuna aliyemwambia atalia, na hakuna aliyemwambia akae na akina mama.

"Ndugu zangu," akasema, na vitambaa vikatoka.

Alianza bila kuangalia karatasi. Macho yalikuwa juu ya vichwa vyetu, sauti ikipanda na kushuka pale pale ilipopanda na kushuka siku ya mama. Hakuwahi kuonja chakula kabla ya kuuliza nani hajala. Akicheka alifunika mdomo. Sehemu hizo hakuzihitaji kwenye karatasi. Alichohitaji kusoma ni zile nne tu, penye pini. Lakini watu walikuwa na vijitabu mikononi, na waliojua kusoma walikuwa wamemtangulia. Mmoja wa ndugu zake alikuwa amefunua, akafunika, akaangalia jalada, akafunua tena. Karatasi zikaanza kuchakarika mstari mzima.

Yeye alifika penye pini, akashusha miwani, akaangalia chini.

"Alihamia Nairobi," akasoma, "akaishi hapa Kisumu Ndogo, akafua nguo mtaa wa Olympic na kuuza omena..."

Sauti ilikuwa imeshatoka kabla akili haijaishika. Mama yake hakuwahi kufika Nairobi maishani mwake, na kila mtu mle ndani alijua. Akageuza ukurasa, akaurudisha. Nadhani alikuwa akizitafuta pini. Kisha akasoma kwa sauti ndogo, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kwamba kidole chake cha shahada hakikuwa na kucha, na kwamba ameacha binti mmoja. Ndugu zake wote watano walikuwa wakimwangalia.

Bibi mzee hakujua kusoma. Alimvuta binti yake, akaomba aelezwe ndani mmeandikwa nini, akaelezwa. Aliinuka kwa bakora yake taratibu, na kanisa likamngoja.

"Huyu si dada yangu," akasema. "Huyu ni mama wa omena. Mimi nilikuwa nanunua kwake."

Siwezi kueleza vya kutosha nilivyojisikia. Baada ya wenye nyumba wote, wahubiri wote na yule askari, mtu mmoja alikuwa amemtambua mama yangu. Kulikuwa na minong'ono, na wanawake wawili watatu wakasema ndiyo, ni yeye, wa ule mlango wa karibu na bomba. Lakini bibi hakuwa amemaliza. Alimgeukia mtoto wa dada yake.

"Na dada yangu yuko wapi?"

Katibu alifungua mdomo. Alikuwa na suti, alikuwa na watu mbele yake, alikuwa na ile sauti, na hakuwa na neno. Niliangalia vizuri ili nisije nikasahau, na sijasahau. Alizungusha macho mpaka yakanipata kule nyuma, na wengine wakageuka kufuata macho yake. Nikasimama. Nilisema kwamba aliyesomwa ni mama yangu na aliyeandika ni mimi.

"Niliambiwa nipige vile iko," nikasema. "Nikapiga vile iko."

Nikakaa. Mwenyekiti, yule mzee fundi wa viatu, alianzisha wimbo, na watu wakauimba kwa shida.

Mwezi ule chama kilitafuta katibu mwingine. Kawangware wajane walitoa vijitabu vyao masandukuni wakavilinganisha, na ikawa aibu kubwa kwa katibu, na nilifurahi, sitadanganya. Lakini si wote waliomkasirikia yeye. Dada yule wa viatu alikuja kibandani akanisimamia mezani, akaniuliza kama viatu vilikuwa vya mama yangu, basi huyo anayemkumbuka yeye akivipanga mlangoni kwao ni nani. Aliondoka akiwa amenichukia, na nadhani ana haki.

Katibu mwenyewe alikuwa amekuja kesho yake ya ibada ile, Jumatatu asubuhi, kabla ya basi kuondoka. Hakuwa na miwani wala mkoba. Nilitegemea matusi na nilikuwa nimejiandaa nayo. Alikaa kwenye benchi lake, akaangalia mikono yake.

"Wewe ndiye unajua kuandika," akasema. "Niandikie mama."

Miaka mitatu nilikuwa nimelisubiri neno hilo, na lilikuwa tamu nusu tu ya nilivyodhani. Nikachukua daftari jipya, nikashika kalamu. Nilimwambia anieleze mama yake alikuwa anachekaje.

"Alikuwa anacheka," akasema. "Kawaida tu."

Nikamwuliza alipenda kula nini. Nikamwuliza akikasirika alifanyaje. Hakujua, au alijua na halikumjia. Basi nikamsogezea daftari na kalamu, nikamwambia aandike mwenyewe, chochote, nami nitapiga vile iko. Nikarudi kwenye kazi za wateja wengine. Alikaa pale mpaka karibu na saa sita, kichwa chini. Nilipoinua macho alikuwa ameondoka, na daftari lilikuwa wazi juu ya benchi. Alikuwa ameandika jina la mama yake juu ya ukurasa. Huyo bibi alizikwa bila historia.

Madaftari yote mawili ninayo, juu ya meza ninayoandikia. La kijani limejaa matundu ya pini, na ndilo ninalofungua nikitaka kumkumbuka mama. Lile lingine lina jina moja na mistari mitupu. Najua kazi ambayo ningepaswa kufanya. Ningewatafuta watu wake, ningeuliza alichekaje, ningemjazia kurasa nne. Muda ninao, na kuandika ndiyo kazi yangu. Hakunikosea kitu mama wa watu. Jina lake nalijua, na ningeweza hata kuliandika hapa. Sitaliandika.